Mkanda wa Kwaya

Mjukuu wangu Elia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Tengeru hatujambo. Ng'ombe amezaa na kahawa imeiva. Zile kompyuta mbili ulizotuunganishia hazijasumbua: ya sebuleni inarekodi vipindi, babu yako anaviona kwenye ile ya chumbani.

Sasa unaniuliza kwa nini bado naacha kazi na kukimbilia sebuleni kipindi kikianza, wakati ningeweza kukiona baadaye.

Mama yako alipokuwa anaanza shule, kwaya ya usharika wetu ilionyeshwa kwenye televisheni. Mama yangu mzazi alikuwa mwimbaji, lakini siku hiyo alikuwa sokoni na ndizi zake. Mimi nilimwona kwa jirani, na jirani akarekodi kwenye mkanda wa video. Kila nilipomwambia twende akajione, alinijibu, "Mkanda hauna miguu. Tumalize kahawa kwanza."

Kahawa ikaisha, zikaja shughuli nyingine. Siku alipovaa kitenge chake kipya tukaenda, watoto wa jirani walikuwa wamesharekodi mpira juu ya kwaya. Mama alikaa, akanywa chai, akauangalia ule mpira hadi mwisho, akashukuru.

Njiani akaniuliza, "Kwani nilionekanaje?"

"Ulipendeza, mama." Sikuwa na kingine cha kumpa.

Kile kipindi ulimohojiwa wewe, babu yako hajakiona bado. Anasema kipo tu, hakiendi popote. Leo nimemfuata zizini, nikamnyang'anya ndoo.

Bibi yako