Gari Lililotuzuia Kuja Krismasi

Kayanga, Karagwe
Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa kwenye benchi la zahanati. Wagonjwa wa asubuhi wameisha na mvua imenifungia humu ndani, ndiyo nimepata nafasi. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilifika? Na kaka Eliamini ameshaezeka jiko, au bado anasema kesho? Sisi ni wazima. Neema ametimiza miaka minne. Anaongea Kiswahili na mimi, Kinyambo na majirani, na Kihaya na baba yake akitaka sukari.

Barua yako nimeipata, Mama, na nimeisoma mara tatu. Umesema Krismasi ulifagia uwanja, ukapika, ukakaa barazani siku mbili ukitutazamia, tusitokee. Umesema pia kwamba huenda mume wangu anaona aibu kuingia kwenye nyumba ya udongo. Hapo nililia. Sikunyamaza kwa ubaya. Nilikosa pa kuanzia. Leo nakueleza yote.

Projestus unamjua kwa picha tu. Ni mtu wa Muleba aliyefuata biashara ya kahawa huku, mpole, mcheshi, ila akishashika jambo hasikii la mtu. Tangu tuoane alikuwa akisema hawezi kufika kwa mama mkwe mara ya kwanza akishuka kwenye basi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Basi mwaka jana mzungu mmoja, mtaalamu wa mradi, alikuwa anarudi kwao na akawa anauza gari lake. Mama, lile lilikuwa gari! La kijani, refu, viti vya ngozi, vioo vinapanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, injini ya silinda nane. Chini yake palikuwa na doa la mafuta. Projestus alipouliza, yule bwana akacheka, akasema, "Hilo ni jasho tu." Mume wangu akatoa akiba ya misimu miwili ya kahawa, akarudi nyumbani akipiga honi kuanzia sokoni.

Kwanza tuligundua kiu yake. Petroli huku inaletwa kwa mapipa kutoka Bukoba, na lile gari lilikuwa likiinywa kama harusi nzima inavyokunywa rubisi, pombe yao ya ndizi. Akienda Kibingo kuangalia kahawa na kurudi, faida yote imeishia kwenye tangi. Ikabidi akodi lori kwa kazi, na gari lake likabaki la kwendea kanisani.

Halafu ikaja habari ya springi. Halikuwa na springi za chuma kama magari mengine. Lilibebwa na mifuko ya hewa, na mifuko ikaanza kuvuja. Tunaliacha jioni limesimama vizuri, asubuhi tunalikuta limekalia matairi kama ng'ombe anayecheua. Neema alikuwa anakimbia nje na kupiga kelele, "Baba, gari bado limelala!" Jumapili moja kioo cha upande wangu kilishuka chenyewe mvua ikinyesha, kikagoma kupanda. Niliingia kanisani nimelowa upande mmoja, na mke wa mchungaji akaniuliza kama tumekuja kwa mtumbwi.

Fundi wetu ni Gaspari, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda wakahamia Rugera. Amezoea malori, lakini gari hilo alijifunza kwa subira, akalala chini yake siku nyingi kuliko alizolala kwake. Pampu ya maji ilipokufa tuliagiza nyingine Nairobi. Tukangoja wiki sita, ikaja isiyofanana. Siku hiyo Gaspari alijifuta mikono, akamwambia mume wangu, "Waitu, bwana wangu, gari hili si bovu. Limezoea kukaa mahali ambapo spea inauzwa mtaa wa pili. Huku unalitesa na lenyewe linakutesa."

"Wewe tengeneza," Projestus akamjibu.

"Nitatengeneza. Ila safari ya Upare kwa mkweo usilipeleke."

Unafikiri alisikia? Gaspari aliunga ile pampu ya zamani kwa namna aliyoijua yeye, nami nikaomba likizo ya Krismasi. Tukapakia kahawa ya kukaanga, maharage, ndizi mbivu, kitenge chako na mtungi wa asali. Tuliondoka alfajiri, tukapitia kwanza Igurwa kumuaga shangazi wa Projestus. Kutoka Igurwa kuna mlima. Katikati ya mlima nikaona mshale wa joto umefika kwenye nyekundu.

"Baba Neema, simama."

"Tukimaliza mlima huu nitasimama."

"Simama sasa hivi, unaua injini!"

Hakusimama. Tulisikia mlio kama chungu kinachopasuka motoni, moshi mweupe ukatufunika, gari likazimika. Nilimnyakua Neema tukatoka mbio. Injini ilipopoa, Projestus alichomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hata mimi muuguzi nilielewa kwamba maji yameingia kusikotakiwa. Gaspari alikuja kuthibitisha baadaye: silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, imepasuka.

Watu walitoka mashambani na majembe yao, wakalisukuma mpaka pembeni. Hakuna aliyecheka, Mama. Mwanamke mmoja alimchukua Neema akampa ndizi na maharage. Nami nikamfuata mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, amenipa mgongo. Nilikuwa na maneno mengi makali tayari mdomoni. Nikakuta analia.

Nikamuuliza, "Ni gari tu, unalilia gari?"

Akasema, "Mama yako aliandika, siku ya posa. Alisema: 'Atakayemchukua mwanangu mbali hivyo, awe na njia ya kunirudishia nimwone.' Miaka mitano sijakurudisha hata mara moja. Nilifikiri njia ndiyo hii."

Mama, ulikuwa umeandika hivyo? Mimi sikuwahi kuiona barua ile. Mjomba aliyekuja kuniozesha alimpa yeye, naye ameitunza kwenye mfuko wa koti la harusi miaka yote hiyo. Kumbe ile shauku ya gari, vile viti, ile honi ya sokoni, vyote vilikuwa vya kukujibu wewe. Nikakaa naye pale chini. Yale maneno makali yaliniishia.

Likizo yangu iliisha tukiwa bado tunatafuta lori la kulivuta. Gaspari alitupigia hesabu ya silinda hedi mpya, na Projestus, kwa mara ya kwanza, akamsikiliza mpaka mwisho. Gari amelichukua fundi wa Bukoba mwenye la kwake la aina hiyo, anataka vipuri. Lilipoondoka juu ya lori, mume wangu aliligonga bodi mara mbili kama mtu anayemuaga rafiki, akaingia ndani kula. Toka siku hiyo analala usingizi.

Nisalimie kaka Eliamini na mkewe, na mjomba aliyenisindikiza mpaka huku akalewa mawimbi ya ziwa njia nzima. Nisalimie shangazi aliyenifundisha kupika makande, umwambie huku nawapikia na wanaomba tena. Mwalimu wa kwaya naye asinisahau.

Jambo la mwisho, Mama. Barua hii sikuitia posta. Mimi sina likizo mpaka mwaka ujao, lakini Projestus alikataa kungoja. Ukisoma haya ameshapanda meli mpaka Mwanza, amepanda mabasi, na mlima wa kwetu ameupanda kwa miguu. Nimemwambia akukabidhi barua asiseme jina lake mpaka uisome, kwa sababu nilitaka umjue kwanza. Anajua adabu ya mkwe, hataingia usipomkaribisha. Huyo mwanamume mwenye vumbi aliyesimama uwanjani kwako ndiye, na mtoto aliyembeba ni Neema.

Wakaribishe ndani, Mama.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,
Nanzia, mama Neema