Mama Mkwe Alipoomba Ashtakiwe

Waithaka, Nairobi
Jumapili alasiri

Dada yangu Mghoi,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye sasa ni mke wa mtu! Natumaini kifua cha Mama kimetulia na baridi ya Wundanyi haiwatesi sana. Sisi ni wazima, na mimi nina furaha mpaka naona haya kuiandika. Miezi mitatu ya ndoa, dada, na bado nikisikia Njoroge akifungua geti jioni moyo unaniruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Asubuhi ananichemshia chai yeye mwenyewe. Usimwambie Mama, atasema nimemloga.

Ulipopiga simu uliniuliza kama tumeanza kujenga, nikakujibu "bado" nikakata. Jambo lenyewe lisingetosha katika salio la simu. Kaa chini nikusimulie.

Marehemu baba mkwe alikuwa na kiwanda kidogo cha ngozi nyuma ya nyumba. Alinunua ngozi mbichi kwenye machinjio ya Dagoretti, akazilainisha kwa dawa, na maji machafu ya dawa hizo akayamwaga shimoni. Kiwanda kilifungwa kabla hajafa, lakini sumu ilibaki. Pale tulipopewa tujenge hata magugu hayaoti, na kisima cha Mzee Gitau, jirani yetu wa bondeni, kimefunikwa mabati kwa sababu maji yake yana rangi ya kijani. Maafisa wa mazingira waliupima udongo, wakasema lazima uchimbuliwe na kupelekwa mahali maalumu kabla mtu hajajenga. Kwa gharama hiyo ilibidi shamba lote liuzwe. Mama mkwe, aliyelelea watoto wake hapa na kumzika mumewe hapa, angeenda kuishi kwa binti yake Nakuru. Akaanza kuacha chakula kwenye sahani.

Basi mimi na mapenzi yangu! Nilitaka picha yetu ya harusi ikae sebuleni, ile ambayo Njoroge ananitazama mimi badala ya kamera. Ukutani kulikuwa na fremu kubwa yenye cheti cha bima cha kiwanda, kimepauka. Nikajiambia, cheti cha kiwanda kilichofungwa ni cha nini? Nikaishusha fremu bila kuuliza mtu.

"Nani ametoa kitu ya Baba Njoroge kwa ukuta?" Mama mkwe akauliza.

"Ni mimi, Mama. Nilidhani..."

"Umekuja juzi na ushaanza kuhamisha wenye nyumba?"

Nililia, dada. Njoroge akaja kunitetea, akaokota karatasi zilizoanguka kutoka kwenye fremu, kisha akaanza kuzisoma. Nyuma ya kile cheti kulikuwa na kingine, na kingine tena. Kila mwaka mzee aliweka kipya mbele ya cha zamani, hakutupa hata kimoja. Miaka yote ya kiwanda ilikuwa mle, na kila cheti kilisema bima italipa iwapo kazi ya kiwanda itamdhuru mtu mwingine au mali yake.

"Mpenzi," Njoroge akasema polepole, "kesho vaa ile nguo yako ya buluu. Tunaenda tao, kwa watu wa bima."

Kwenye ofisi ya bima tulipokewa na mama mmoja wa Kihindi mwenye mvi, mpole sana. "Bima hii iliisha zamani," alisema, "lakini tunaangalia udongo uliharibika lini, si ninyi mmekuja lini." Nikamfinya Njoroge mkono. Kisha akaongeza, "Ila hatumlipi mtu kwa sababu tu anataka kusafisha shamba lake. Tunalipa kwa sababu kuna aliyedhuriwa. Yuko wapi? Barua yake ya madai iko wapi?"

Hapo tulikwama. Mzee Gitau alilalamika mara moja tu, zamani, kwa mdomo. Tangu mazishi hajagusia tena, kwa kuwa marehemu hasemwi. Na Mama mkwe miaka yote hiyo amekuwa akisema kisima kiliharibika chenyewe. Ili shamba lipone, ilibidi aende kumwomba jirani amlaumu mumewe kwa maandishi.

Siku ya tano akajifunga kitambaa kichwani, akaniambia, "Chukua kalamu. Wewe una mwandiko mzuri."

Tulimkuta Mzee Gitau akimkatia ng'ombe majani.

"Gitau, nimekuja unishtaki."

Akacheka. "Mama Njoroge, kwani huko juu mmekosa kazi?"

Alipoelezwa, kicheko kikaisha. "Hapana. Watu watasema nilingoja mtu afe ndiyo nimseme. Yeye ndiye alinipelekea mama hospitali na pikapu yake."

"Alikupelekea mama, na akakuharibia maji," Mama akasema. "Yote ni yeye."

Mzee akatutolea viti. Akawa anasema, mimi naandika: maji yalivyobadilika, ndama waliokufa, mitungi ya maji anayonunua mpaka leo. Nilipofika mwisho Mama akanishika mkono.

"Ongeza hapo. Siku Gitau alikuja kulalamika, ilikuwa wiki Njoroge ameanza darasa la kwanza. Mimi ndiye nilifungua mlango. Nikamwambia mzee wangu hayuko, na alikuwa jikoni anakunywa chai."

"Najua," Mzee Gitau akasema. "Niliona viatu vyake."

Niliogopa maneno yale yangetunyima kila kitu. Kumbe yule mama wa bima aliyasoma mara mbili, akasema ndiyo yanayoonyesha madhara yalitokea mwaka gani, na mwaka huo bima ilikuwa hai. Wamekubali kulipia udongo na kisima kipya cha Mzee. Mama haendi Nakuru.

Mimi hapa namsifu Njoroge kila mstari, dada, nikidhani huko ndiko kupenda. Mama mkwe alimpenda mumewe kuliko ninavyojua mimi, na ndiye aliyenitamkia kosa la mumewe neno kwa neno niandike. Bado nawaza jambo hilo.

Nisalimie Mama, umwambie anywe dawa. Nisalimie shangazi aliyenishonea gauni, mjomba katekista, na shemeji, baba watoto wako. Wanao wabusu.

Malori yalianza kubeba udongo Alhamisi. Wazee hawa wawili wanashinda ukingoni mwa shimo wakibishana na wachimbaji. Jana Mzee Gitau alisema, "Ongezeni futi moja, hapo bado ni kijani." Mama mkwe akamjibu, "Haya, shtaki tena!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Akupendaye siku zote,
Wakesho, mke wa Njoroge (acha niandike tena: mke wa Njoroge!)