Siku Maddox Atakapoacha

Jumapili, 20 Januari

Tumefungwa. Nyumbani kwetu, kwenye theluji, mbele ya watu wetu! Mpira wa mwisho mrushaji wetu Maddox kaurusha moja kwa moja mikononi mwa wale wa Minnesota. Hata mtoto wa shule asingeurusha vile. Halafu kapiga magoti, helmeti pembeni, mvuke unamtoka kichwani, na kamera haikumhurumia. Miaka thelathini na tisa. Mrushaji akizeeka, timu nzima imezeeka naye.

Nimelia. Bibi mzima mwenye wajukuu, jezi ya Maddox namba nane mwilini, nalia! Mume wangu Verlin hakulia. Kavaa buti kwenda kukamua. Ng'ombe hawajui nani kashinda, kasema.

Ila wakati wa kushuka ngazi alishika ukuta. Alidhani sioni.

Jumatano, 23 Januari

Tumetoka kwa daktari. Renae alitusindikiza — binti yetu ni nesi, hadanganyiki kirahisi. Tangu moyo wa baba yake ulipoanza kuruka mapigo vuli iliyopita, Verlin anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Leo daktari kasema wazi. Kichwa kikigongwa, damu itavuja ndani na haitakoma. Teke moja la ng'ombe. Kuteleza mara moja kwenye sakafu ya banda. Basi. Uza ng'ombe, mzee.

Verlin kamuuliza kama amewahi kukamua.

Tumekaribia nyumbani ndipo kasema hata Maddox anaulizwa ataacha lini, na hata yeye hajui. Nilichemka! Nikamwambia Maddox ana majitu matano mbele yake, kila moja kama friji, kazi yao asiguswe. Wewe una nani? Kacheka, akanigusa goti. Nina wewe, Mama.

Ijumaa, 25 Januari

Samaki kwa LaVonne, kama kila Ijumaa. Baa imejaa mpaka mlangoni na hakuna aliyezungumzia baridi. Maddox, Maddox, Maddox! Televisheni inasema kaenda kwao kusini kutafakari.

Duane, jirani yetu, kapiga meza: "Mkono bado upo! Hamkuuona ule mpira mrefu kabla ya mapumziko?"

LaVonne alikuwa anapita na sahani: "Mkono upo, kichwa kiko wapi? Mgeni asiyejua kuaga ni mzigo kwa mwenye nyumba."

"Mgeni! Huyo ndiye kaijenga nyumba!"

"Basi asituangushie paa!"

Watu walicheka mpaka bia zikamwagika. Mimi nilimtetea, kama kawaida yangu. Aache aende wapi, nikasema, akashindane na samaki? Nikashangiliwa.

Kisha Duane kamgeukia Verlin. "Na wewe mzee, lini? Goti kwisha, moyo kwisha, bado umejikunja chini ya ng'ombe." Verlin kafuta mdomo taratibu. "Maddox akiacha, nami naacha."

Makofi! LaVonne kachukua chaki, kaandika kwenye ubao juu ya kaunta: MADDOX AKIACHA, VERLIN ANAACHA. Na hapa kwetu neno la Ijumaa, mbele ya samaki, halirudishwi. Duane alinyoa ndevu zake zote kwa neno la namna hiyo, wiki ya harusi ya mwanawe. Mkewe hajamsamehe mpaka leo.

Nimefika nyumbani nimevua jezi, nimeikunja, nimeiweka droo ya chini. Sasa naomba Maddox aache. Mimi! Najisikia msaliti, na bado naomba.

Jumatano, 13 Februari

Verlin kafua koti. Tangu tuoane hajafua hata soksi, leo namkuta ana koti ndani ya sinki! Nikajua kuna jambo. Nimembana mpaka kasema. Barafu ilikata umeme alfajiri, redio ya bandani ikanyamaza, na ng'ombe wetu Pearl akarusha teke. La bega. Kaangukia mferejini, kwenye mavi.

Redio ile haizimwi. Marehemu baba mkwe ndiye aliyeianzisha — ng'ombe wamelelewa nayo, usiku na mchana. Ikinyamaza wanashtuka, wanazuia maziwa, wanapiga mateke. Na Pearl ndiye kiongozi wao.

Bega tu, Mama, kasema. Bega tu! Nimempigia Renae, kaniambia nimkataze. Nimkataze vipi? Sikio la kufa halisikii dawa. Nimeandika hivyo, na sasa natamani nifute.

Maddox bado anatafakari.

Jumanne, 5 Machi

AMEACHA!

Kalia mbele ya waandishi, kamasi na machozi, bila kujifuta. Kasema juzi aliinama kumfunga mwanawe viatu, akashindwa kuinuka mpaka mkewe akaja. Nilikimbia bandani na unga mikononi. Verlin alikuwa keshasikia redioni. Amesimama katikati, mkono mgongoni mwa Pearl, hakugeuka.

"Sawa," kasema. Sawa tu, akaendelea kukamua.

Nilifurahi, tena sana. Halafu nikarudi jikoni nikalia kwa ajili ya Maddox. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Ijumaa, 8 Machi

Kwa LaVonne wote walimpa mkono Verlin, mmoja mmoja, kama mfiwa. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwepo, bwana mpole kutoka kaunti ya pili. Anachukua kundi zima. Wamekubaliana tarehe 25 Julai, nyasi za kwanza zikiwa zimevunwa. LaVonne hafuti ubao mpaka lori la ng'ombe liondoke.

Jumamosi, 29 Juni

Verlin hali chakula vizuri. Kila jioni anawasugua ng'ombe kwa brashi, mpaka masikioni. Nimemuuliza wanakwenda harusini? Hakucheka. Ananitazama kana kwamba nimemshinda kwenye mchezo ambao hakujua tunacheza.

Hataanguka tena bandani. Najirudia hilo nikiosha vyombo. Hataanguka tena.

Ijumaa, 12 Julai

Balaa. Maddox kaonekana kwenye uwanja wa shule ya kwao, anarusha mpira! Picha imepigwa kwa mbali, kaptula, tumbo kidogo, lakini mkono ni ule ule. Baa nzima imepanda wazimu.

Duane: "Nilisema! Mkono unamwasha! Yule hajaacha, alikuwa likizo."

LaVonne: "Kalia mbele ya nchi nzima, mashuka tumemtandikia, sasa anataka kuamka? Timu ishampa kijana nafasi. Kijana afanye nini, amshikie taulo?"

"Kijana anarusha mpira kama anatupa takataka!"

"Atajifunza! Maddox naye alijifunza, umesahau mwaka wake wa kwanza ulivyomtukana?"

Mazoea yana tabu, kasema mtu nyuma. Na hapo sijui kilichonipata. Nikasimama. Mwacheni apumzike! Nilipiga kelele, mimi Ardis Zastrow ninayevaa namba nane mpaka kanisani. Mwacheni akae na wanawe akiwa bado anawajua majina! Mnataka mpaka abebwe?

Kisha wakazomea. Duane kaniita msaliti, nusu utani. LaVonne kanikodolea: "Ardis? Wewe?" Nikakaa. Nikasukuma sahani pembeni.

Halafu Duane kaanza jingine. Maddox akirudi, neno la mzee si linakufa? LaVonne kakataa. Aliacha, basi aliacha, neno limeshatimia. Duane naye: mtu aliyerudi hajaacha! Wamebishana mpaka wa meza za mbali wakasogeza viti. Nilimwona Verlin anautazama ubao.

Njiani kaniuliza: "Ulikuwa unamsemea yeye au mimi?" Nikasema yeye. "Hmm," kasema.

Jumatano, 24 Julai

Kesho lori. Maddox bado hasemi ndiyo, hasemi hapana. Wanasema kaonana na wakuu wa timu. Wanasema kaondoka kwa hasira. Wanasema mkewe kafunga mizigo. Kila saa redio ina lake, na Verlin kutwa yuko bandani anaisikiliza.

Duane atakuja asubuhi kusaidia kupakia. Nimeoka keki ya tufaha ya dereva. Ee Mungu, siku moja tu. Mzuie mtu huyo siku moja tu.

Alhamisi, 25 Julai

Hospitalini. Nimekaa koridoni, daftari lilikuwa kwenye mkoba, kalamu nimeazima mapokezi. Niandike yote sasa, kabla sijaanza kujidanganya.

Alfajiri LaVonne kapiga simu. Hata salamu hakunipa. "Anarudi, Ardis! Maddox anarudi! Kakubali!" Na mimi — Mungu ananiona — niliruka. Nilipiga kelele ya furaha jikoni, peke yangu, mikono juu! Halafu nikakumbuka leo ni siku gani.

Verlin alikuwa juu, anatafuta soksi. Nilitoka mbio na gauni la kulalia, nikaingia bandani, nikachomoa waya wa redio. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: asisikie mpaka lori liondoke. Baada ya hapo Maddox arudi hata mara kumi. Pearl sikumfikiria. Ujana wangu wote na uzee wangu nimeishi na ng'ombe hawa, na sikumfikiria!

Verlin kaingia, kasimama. "Mbona kimya?"

Nikasema redio imekufa, labda radi.

Kanitazama kidogo. "Basi tutawaimbia."

Na akaimba. Nyimbo za kanisani, kwa sauti yake ile mbovu, ng'ombe mmoja hadi mwingine, mimi nyuma yake na ndoo nikiomba watulie. Hawakutulia. Walikuwa wanakanyagakanyaga, wanavuta minyororo. Ningeweza kuchomeka waya. Ulikuwa hatua chache tu! Kila nilipoutazama nikasema bado wachache, bado wachache. Alipofika kwa Pearl nilimwambia amwache huyo, atakamuliwa huko anakokwenda. Hapana, kasema, hawezi kumsafirisha na kiwele kimejaa. Kainama.

Teke sikuliona. Nilisikia wimbo unakatika.

Hakuzimia. Uvimbe juu ya sikio, wala si mkubwa. Alilala chali sakafuni, macho wazi, anaangalia juu kwenye dirisha, anasema si kitu, si kitu. Duane, aliyekuwa ndiyo anafika, ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Duane ndiye aliyechomeka redio pia, maana banda zima lilikuwa linatetemeka, na kitu cha kwanza kilichotoka ni watu wanashangilia.

Garini Verlin kanishika mkono. "Waya ulikuwa unaning'inia, Mama. Amerudi, siyo?"

Nikasema ndiyo.

Kacheka mpaka dada wa gari la wagonjwa akamwambia atulie. "Mpumbavu yule," kasema, kwa mapenzi kabisa. Hakunikasirikia. Nilitafuta hasira usoni kwake, sikuiona, na hilo ndilo linaniua. Walipokuwa wanamsukuma kwenda kupigwa picha ya kichwa aliinua kidole. "Mwambie Duane wasipakie."

Nikasema sawa. Ulimi wake tayari ulikuwa mzito, maneno yale yalianza kuteleza kidogo. Au nimesikia vibaya. Nesi naye alisikia, akaongeza mwendo.

Ukutani kuna televisheni. Maddox anashuka ndegeni, kavaa kofia ya timu, anapunga mkono. Mzee mmoja mwenye bandeji anapiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja. Nesi wa mapokezi naye anatabasamu. Kanigeukia, kaniambia si habari njema hii, mama? Nimemjibu ndiyo, njema.

Duane keshapiga simu mara moja. Lori limefika, dereva ana safari nyingine mchana, Pearl yuko mbele kabisa na kamba shingoni. "Nipakie, Ardis, au nisipakie?" Nimemwambia asubiri. Renae yuko njiani. Mlango wa chumba cha picha bado umefungwa, na taa yake nyekundu inawaka.

Simu inatetemeka tena juu ya kiti. Duane. Verlin kasema wasipakie. Anayejibu ni mimi.