Baba Ruthu, Hukujua Kuficha Shida

Mwaka umezunguka, Obedi Malogo, tangu Bwana alipokuita asubuhi ile ya Oktoba, na nyumba yako hapa Buigiri haijapungua watu. Tunalisema hili kwanza kwa sababu ndilo ambalo ungeuliza kwanza. Bado wanakuja. Wanakaa uani, wanakunywa chai, wanakusema. Mengi wanayosema ni ya kweli.

Wanasema mkasi wako wa kupogolea zabibu haukutoka mfukoni hata siku ya kanisa. Wanasema uliimba besi vizuri, ila neno moja nyuma ya kwaya nzima. Na wote, akija huyu akija yule, wanasimulia ulivyokuwa ukisali shambani kwa sauti, kama mtu anayemwagiza mwenye duka.

"Bwana, unga umeisha juzi. Kiatu cha Erick kimefungua mdomo. Na mbolea, habari yake unaijua mwenyewe."

Siku moja jirani yako Masudi akakujibu kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa. "Unga ninao, Obedi, tuma mtoto. Hicho kiatu endelea naye huyo huyo."

Ukamtuma mtoto, kisha ukarudi kumalizia sala yako.

Mkeo Elieth hakulelewa hivyo. Kwao shida ni kama nguo ya ndani, haianikwi njiani. Siku isiyo na unga alibandika maji matupu jikoni ili majirani waone moshi, wasije wakasema kwa Obedi leo hawakupika. Nawe unatoka nje, unamwambia wa kwanza kupita, "Huo moshi usikudanganye. Karibu ukae, tungoje pamoja." Elieth akisikia hayo kule jikoni alitamani ardhi ipasuke aingie.

Alikupenda, hilo wote tunalijua. Lakini mdomo wako ulimtesa.

Kisha ikaja ile Septemba ya mwaka juzi. Mwanao mkubwa, Ruthu, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na alitakiwa awe chuoni Jumatatu na ada ya awamu ya kwanza mkononi. Asipofika, nafasi anapewa mwingine. Ada yenyewe ilikuwa bado inaning'inia shambani. Mnunuzi alipopiga simu kuwa gari lake linakuja Ijumaa, mlifanya kosa ambalo kila mkulima wa zabibu hulifanya mara moja: mkavuna zote kabla hamjaliona gari kwa macho. Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi mnunuzi akasema matangi ya kiwanda cha mvinyo yamejaa, mvumilie. Zabibu ikishakatwa haijui kuvumilia.

Elieth alichukua turubai akayafunika makreti yote, akaingia ndani. Alikaa kitandani akimsikia Ruthu akikunja nguo chumba cha pili. Aliposikia kitu kinaburutwa uani, akachungulia. Ulikuwa umelivua turubai, unayavuta makreti mpaka kando ya njia.

"Baba Ruthu, unafanya nini? Watu wataona."

"Ndiyo."

"Wataona tumekwama."

"Mama Ruthu, sasa Mungu amtume nani? Amtume mtu asiyejua kwamba tuna shida? Atafika hapa aulize nini?"

Mchana huohuo dada yako Loisi akaja kutoka Miyuji, kule mjini, kama kawaida yake ya Jumamosi. Loisi ni msusi, na Miyuji yote inamjua. Mwanamke akikaa kwake kusuka rasta, akiinuka anajua mpaka ng'ombe wetu yupi amegoma kukamuliwa. Elieth alipomwona tu akajifunga kanga vizuri na kutabasamu.

"Wifi, za huku? Mbona macho yamekuvimba?"

"Vumbi tu, wifi. Karibu chai."

"Vumbi gani," ukasema wewe. "Gari halikuja, zabibu ndizo hizo, na Ruthu ada hana."

Elieth akakufinya mkono. Loisi aliuona mkono ukifinywa na hilo nalo akaondoka nalo. Alichukua beseni moja la zabibu, akasema ana kichwa cha mtu kinamngoja, akapanda gari la mjini. Elieth akakwambia, "Basi. Kesho Dodoma nzima itajua tunachokula na tusichokula."

Jumapili tulipotoka ibadani, kulikuwa na bajaji tatu mbele ya nyumba na gari dogo jeupe. Wanawake wa ofisini, wake za watumishi, wenye ndoo, wenye mabeseni, mmoja na begi la mgongoni la mwanawe. Yule wa gari jeupe alikuwa amejitanda kitenge kichwani. Kitenge kilipoteleza tukaona upande mmoja umesukwa, upande mwingine nywele zimesimama kama zimeona nyoka.

"Msinicheke," akasema. "Loisi alianza hadithi katikati ya kichwa. Ningekaaje nimalize wakati zabibu zinaharibika? Yuko wapi huyo binti anayekwenda chuo?"

Ruthu akaitwa. Wakamwangalia, wakamuuliza anajua kuchoma sindano bila kuumiza, wakashusha bei kwanza kwa sababu bila kushusha bei biashara hainogi, kisha wakanunua. Mwisho yakabaki makreti machache yaliyokwisha chacha, ukayamwaga shambani ukasema asante hata kwa hayo. Jumatatu Ruthu alikuwa chuoni.

Elieth alikuuliza mkiwa mnaosha mabeseni, "Ulijuaje kama watakuja?"

"Sikujua. Nilijua tu kwamba Loisi hawezi kunyamaza." Ukacheka mpaka ukakohoa. "Mungu ana wahubiri wake, Mama Ruthu, na ana wambeya wake. Wote anawalipa."

Mwaka uliofuata ada ya pili uliitafuta kwa mdomo wako uleule, ukiwa tayari unaumwa. Mwezi mmoja baadaye tukakuzika.

Sasa tukwambie ya mwaka huu, kwa sababu tunajua unayangoja.

Septemba hii Ruthu alikuwa anaingia mwaka wa mwisho. Mvua zilikuwa chache na zabibu zikatoka chache vilevile. Elieth akayarudia malezi ya kwao. Akawa anatuambia wote, "Tupo, tunamshukuru Mungu." Moshi ulionekana kila jioni. Hata Loisi hakupata kitu cha kusimulia, na kwa Loisi huo ni msiba. Ruthu akapiga simu akasema, "Mama, acha niahirishe mwaka. Nitatafuta kazi ya duka, nitarudi." Elieth akamjibu sawa, mwanangu. Alipokata simu aliketi kwenye kigoda akaona kwamba hiyo sawa yake ndiyo inayomtoa mtoto chuoni, wala si ukame.

Jumapili ile ulipofika wakati wa shukrani, watu wakajipanga kwenda mbele wakiimba, huyu na kuku, huyu na mayai, huyu na noti aliyoikunja. Elieth naye akatoka kwenye benchi. Mikono mitupu. Mzee wa kanisa Sila akamnyooshea kapu, akaona hana cha kutia, akangoja aseme neno la kumshukuru Mungu.

Elieth alitazama sakafu, halafu akatutazama.

"Leo sikuja na shukrani," akasema. "Nimekuja na shida. Ruthu anatakiwa chuoni Ijumaa. Ada sina. Nimewaambia wote kwamba tupo salama na haikuwa kweli. Nimemaliza."

Kisha bibi mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, kama anayeongea peke yake, "Haya, na sisi tulidhani wanakula kuku humo ndani."

Kanisa likacheka, na Elieth akacheka akilia.

Nje, kwenye mnada wa sadaka, Sila akainua boga moja, si kubwa, limekwaruzwa ubavuni. Akaliuza. Aliyelinunua akalipa akasema, "Narudisha mnadani, kwa ajili ya Ruthu." Likauzwa tena. Likarudi tena. Mayai na kuku wote waliisha, boga likawa bado linauzwa. Loisi, simu sikioni, akawa anapandisha bei kwa niaba ya vichwa vya Miyuji: "Ngojeni, kuna mteja wangu hapa anasema na yeye anataka boga." Masudi alikuwa anapita na guta lake kutoka kupeleka maji, akauliza Wakristo leo wanagombania nini. Alipoambiwa, akashuka. Yeye ndiye aliyelinunua mara ya mwisho.

"Mimi silirudishi," akasema. "Mmelitesa vya kutosha. Linakwenda kupikwa."

Ijumaa Ruthu alikuwa darasani. Ada haikutimia yote, Baba Ruthu. Hiyo iliyobaki, mkeo ameshaanza kuwaambia watu.

Unakumbukwa na mkeo Elieth, wanao Ruthu na Erick, dada yako Loisi na wateja wake, mzee Sila na kwaya yote, ambayo sasa inamaliza wimbo kwa pamoja na haijazoea. Unakumbukwa pia na Masudi, aliyesema asipoandikwa hapa hatutaelewana. Ibada ya kumbukumbu itafanyika nyumbani Buigiri Jumamosi hii. Aliyesoma haya na aje. Viti havitoshi, mje na vyenu.

Maadamu tupo, Obedi, jina lako halitanyamaza katika nyumba hii.