Kura Moja ya Goed Rust

Goed Rust, Berbice, Guyana
12 Oktoba

Mwanangu mpendwa Miriam,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, wewe na wote wa nyumbani kwako Georgetown. Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Si uvivu, ni aibu.

Kura zilipohesabiwa kituoni kwetu, sisi Wahindi tulitarajiwa kukipa chama chetu zote. Chama cha Weusi kikapata moja. Tangu hapo kijiji kinamshutumu Nesi Enid, Mweusi pekee hapa. Balram wa duka la pombe ya ramu humwambia hadharani, "Dada, roti zetu unakula, kura unawapa wenzako!" Akina mama hawapeleki watoto kliniki, na barua ya kumwomba waziri amhamishe ina saini thelathini.

Mwanangu, kura ile ni yangu. Chama cha Weusi kiliahidi pampu ya kutoa maji mashambani, nami nimepoteza mpunga miaka mitatu. Nikikiri, Wahindu watanena kuwa sisi Wapresbiteri tuliuza damu yetu tulipobatizwa. Nifanyeje?

Baba yako


Georgetown
19 Oktoba

Baba, shikamoo. Sisi hatujambo, pole kwa goti.

Nesi Enid ndiye aliyemwuguza Mama hadi mwisho. Sema, Baba. Wakikutenga, chumba chako kipo hapa.

Mwanao Miriam


Goed Rust
2 Novemba

Mwanangu mpendwa,

Natumaini waraka huu utakukuta u mzima. Samahani, nimechelewa tena. Ujasiri ulichelewa kwanza.

Jumamosi nilikwenda dukani kwa Balram, nikavua kofia, nikakiri.

"Wewe, Mjomba Ezra? Na Biblia yako yote hiyo?"

"Mimi. Niwieni radhi."

Mmoja akafoka, "Ndio Wakristo hao!" Lakini Balram alikwisha kumgeukia Nesi Enid, aliyekuwa akinunua sukari.

"Basi, kura yako ilikwenda wapi, Dada?"

"Kwa chama chenu. Mliahidi friji ya chanjo."

"Na mbona hukusema?"

"Ungeniamini, Balram? Wewe?"

Balram alicheka hadi akashika kaunta, kisha akamwomba msamaha mbele ya wote. Ile barua ya waziri ameichana, akafungia samaki wa chumvi. Leo foleni ya kliniki imefika barabarani, nami, mwanangu, nimelala usingizi ambao sikuujua tangu uchaguzi.

Barua hii anakuletea Nesi Enid mwenyewe. Tafadhali mpikie vizuri.

Baba yako