Mama Anataka Kuitwa Maria

Jumapili, 4 Novemba 1951
Nimemwosha mama, nimempa uji. Vijiko vichache tu. Miguu imevimba tena. Mvua tangu alfajiri, sikwenda kanisani. Stefano, kaka yangu mkubwa, alipita baada ya ibada, Biblia kwapani. Mama yuko tayari kubatizwa, hilo halina shida. Shida ni jina. Anataka Maria. Stefano hakumaliza chai yake.

Jumatatu, 5 Novemba
Nimechuma kahawa nusu siku. Nyapara amenifokea kwa kuchelewa. Anifokee tu, mimi nina mgonjwa.
Mama amechagua jina hilo kwa sababu ya Kamau wetu, mwanawe wa kwanza, aliyekufa vitani Burma. Anasema huyo Maria naye alifiwa na mwana mkubwa. Basi. Hana sababu nyingine. Lakini Stefano ni mzee wa kanisa hapa Ruiru, anaogopa watu watasema mama yake amegeuka Mkatoliki. Na Yosefu, mdogo wetu, ni katekista wa Kikatoliki Thika. Amepata habari na amefurahi kama aliyeshinda kesi. Furaha yake inaniudhi kuliko hasira ya Stefano.

Jumatano, 7 Novemba
Yosefu amekuja kwa baiskeli, tope hadi magotini. Akakutana na Stefano kando ya kitanda cha mama. Salamu zenyewe zilikuwa fupi.
Stefano husimamia mahali pa kuosha kahawa, basi mfano wake ukatoka huko. Maria ni mfereji. Maji yanapita, mfereji hauongezi kitu. Mwana alishuka kutoka mbinguni, akapita kwake, basi. Sijawahi kumsikia mchungaji wake akisema hivyo.
Yosefu akaruka. "Kama hakupata mwili kwa mama yake, pale msalabani walimpigilia nini? Kivuli?"
"Na wewe unamsujudia mwanamke!"
"Nani amesujudu? Ngai, Mungu wangu! Mimi nasema ni mama, si bomba."
Saa nzima. Mama alikuwa anaomba kugeuzwa ubavu. Nilimgeuza peke yangu.

Alhamisi, 8 Novemba
Hajala. Nimechoka mpaka nimemkasirikia yeye. Aibu.

Jumamosi, 10 Novemba
Mama ana pumzi leo. Ameniuliza yule mtoto wa Maria, baba yake alikuwa wa kijiji gani. Nikasema hakuwa na baba wa hapa duniani. Akasema basi kumbe ni wa ukoo wa mama yake, kama kwetu, msichana akizalia nyumbani mtoto huitwa kwa jina la mama na hupewa shamba na babu. Kwake jambo limeisha hapo. Akalala.
Jioni nilimwambia Stefano. Akasema hayo ni mambo ya mila, tusiyachanganye na Injili.
Nilimwomba mama akubali jina lingine. Ruthu, Ana, lolote. Akakataa. Nikamwomba basi amwache Yosefu ambatize, Stefano akiwa kazini. Hapo akanishika mkono kwa nguvu.
"Wote wawili wawepo. Nikibatizwa na mmoja, nitakuwa nimezaa mmoja."
Sasa nifanye nini? Stefano hatasimama penye jina hilo. Yosefu hatamwaga maji bila ruhusa ya mkubwa wake, Stefano ndiye mwenye neno nyumbani hapa. Mimi ni binti tu. Nachemsha maji, nafua shuka.

Jumatatu, 12 Novemba
Pumzi fupi. Macho hayatulii. Nimewatumia wote wawili ujumbe waje kesho asubuhi. Nitawapigia magoti ikibidi.

Jumanne, 13 Novemba
Walikuja. Nilipiga magoti. Wakasema wayamalize kwanza nje, wasimsumbue mgonjwa. Wakasimama chini ya upenu. Mfereji, mwili, mfereji. Nilitoka kuwaita. Stefano akainua mkono: "Ngoja kidogo, dada." Nikarudi ndani.
Mama amekufa wakiwa bado nje.
Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 14 Novemba
Tumemzika ukingoni mwa shamba la kahawa. Hakubatizwa, kwa hiyo si katika makaburi ya kanisa la Stefano wala la Yosefu. Ndugu zangu wamechimba kaburi wenyewe, mmoja ndani, mmoja akipokea udongo. Hakuna aliyehubiri. Nilitaka kuwapiga wote wawili kwa jembe.

Jumapili, 18 Novemba
Mvua imepungua. Nimefua mablanketi ya mama, yamekauka kidogo.
Yosefu alikuja jana. Aliuliza kama mama alimtaja mwishoni. Nikasema ndiyo. Akalia.
Leo amekuja Stefano, bila Biblia. Ameuliza hilohilo. Nikasema ndiyo, alikutaja.
Hakumtaja yeyote kati yetu. Wala Kamau, wala Maria. Alikuwa akiita "Maitu, maitu," kwa sauti ya mtoto. Alikuwa anamwita mama yake.
Stefano amekunywa chai yote, akaomba nyingine. Nimempa.