Alama ya Saba

Wabera, Isiolo
Jumatano, saa nane mchana

Kwako Baba,

Goti limeamkaje? Naanza na goti kwa sababu Mama aliniambia kwamba umerudia kupanda ile ngazi ya stoo ukidhani hakuna anayekuona. Mimi mwilini ni mzima. Joto la huku nimelizoea, chakula nakula, kanisani nafika. Mengine hayo huwa tunayamaliza kwenye simu. Hili nimeliweka kwenye karatasi kwa sababu nikilisema kwa sauti, litasikika hapa ofisini.

Kituo chetu hupokea maziwa ya ngamia. Pikapu huyaleta asubuhi kutoka pande za Sericho na Merti, tunayapoza, kisha yanasafirishwa. Wanawake sita huosha mitungi na kuifukiza: kijinga cha moto kinatiwa ndani, mtungi unatikiswa, kifuniko kinafungwa, moshi unabaki humo. Mtungi uliofukizwa vibaya huchachusha maziwa kabla hayajafika popote. Kila mama ana alama yake ya mkaa, kwenye mitungi yake na ukutani, ili maziwa yakiharibika ijulikane ni mkono wa nani.

Niliajiriwa kuwasimamia, miezi sita ya majaribio. Mkurugenzi alitaka kitu kimoja kutoka kwangu, ripoti ya kueleza ni nini kinachowapa wafanyakazi ari, ili vituo vingine viige. Ripoti hiyo ndiyo itaamua kama nitabaki.

Nilipokuaga uliniambia, "Mtu hufanya kazi ukisimama karibu naye." Nilicheka kwa adabu. Nilikuwa na vitabu vyangu. Kimoja kinasema mahitaji ya mtu ni ngazi, anaanza na tumbo na kumalizia na heshima. Kingine kinasema mshahara humzuia mtu kunung'unika tu, lakini kinachomsukuma ni kutambuliwa. Hicho nilikiamini kama dini. Nikabandika ubao wenye maneno Mfanyakazi Bora wa Mwezi, nikaweka fremu ya picha na cheti.

Mwezi mzima niliandika kila mtungi uliochachusha maziwa. Alama moja haikuwa na kosa hata moja: duara lenye mstari katikati. Nikaitafuta ukutani, kando yake pameandikwa Dahabo. Huku nawaita wote kwa majina ya watoto wao, Mama Guyo, Mama Halima, kwa hiyo nilidhani Dahabo ni jina la kuzaliwa la mmoja wao. Nilihesabu mitungi, Baba. Alama sikuzihesabu.

Siku ya kumtangaza mshindi ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, wote sita wamesimama mbele yangu uani. Mama Halima, ambaye ni mdogo wao, hakuacha mzaha. "Madam, mimi nipigwe picha upande wa kushoto. Huku kulia meno yameenda likizo."

"Utasubiri," nikamwambia. "Mwezi huu ni Dahabo!"

Kicheko kilikatika. Nikadhani hawajanisikia, nikaita tena.

"Naam," mtu akaitika.

Sauti ilitoka nyuma yao, kwenye chumba cha kufukizia. Ilikuwa ya mtu aliyeitwa akiwa kazini, ambaye mikono yake haijasimama. Mbele yangu walikuwa wanawake sita, na midomo sita imefungwa.

Mama Guyo, mkubwa wao, ndiye aliyesema kwanza. "Nani amekutajia huyo?"

"Ameandikwa ukutani."

Akaketi chini, hapo hapo kwenye vumbi. Akanieleza kwamba Dahabo alikuwa mwenzao. Wakati wa kiangazi kile kibaya alikwenda Sericho kumwona mama yake, gari likaharibika njiani, akashuka kutafuta maji. "Tulipata kiatu. Mtu hatukumpata. Hatukumswalia, intala, binti yangu, kwa sababu nani angesema amekufa?" Kwa hiyo alama yake hawakuifuta. Walipatana wamwoshee na kumfukizia mitungi yake kwa zamu, mpaka arudi au ijulikane.

"Leo ni zamu ya nani?" nikauliza.

"Ya Mama Halima."

"Mimi? Mimi niliacha tangu Ramadhani mtoto alipougua. Nilidhani ni wewe, Mama Guyo."

"Mimi na mgongo huu?"

Swali likazunguka wote sita. Kila mmoja alikuwa ameacha kwa sababu yake, akaona aibu kusema. Kila asubuhi aliikuta mitungi safi, akamshukuru mwenzake kimoyomoyo.

Niliingia kwenye kile chumba. Hakina mlango mwingine. Kulikuwa na vigoda saba na hakuna mtu. Mtungi wenye duara ulikuwa umefungwa, na uzi mwembamba wa moshi ulipenya pembeni ya kifuniko. Niliugusa. Ulikuwa moto.

Ningeishia hapo. Lakini kichwa changu unakijua. Nililiandika jina la Dahabo kwenye cheti, nikakitundika ndani ya fremu, mahali pa picha. Nilijiambia kwamba heshima ni heshima.

Kesho yake mitungi yake ilikuwa baridi, ina nzi mdomoni. Siku iliyofuata vilevile. Wale sita wakawa wanafanya kazi kama watu walio kwenye nyumba ya matanga, hawasemezani, na mitungi yao pia ikaanza kuchachusha maziwa. Nilimwomba Mama Guyo anisamehe. Hakunigombeza. Alisema, "Sisi tulikuwa tunamngoja. Wewe umemlipa. Aliyelipwa huaga."

Mkurugenzi akapiga simu kuuliza kwa nini maziwa yanachacha, nikamweleza yote. Alama isiyo na mtu ni fujo, akasema, ifutwe na achukuliwe mtu mwingine. Anakuja kesho kuona na kuchukua ripoti. Nisipofuta, nifunge virago.

Hapo nikakukumbuka wewe, Baba, nyapara wa wachuma chai. Unakumbuka ule mstari wa mwisho wa shamba, wa yule mama aliyepigwa na radi? Ulikataa kumpa mchumaji mwingine. Nilikuwa mdogo, nikitembea nyuma yako, na kila tulipofika pale uligeuza uso upande wa pili. Nilidhani umechoka. Sasa ndiyo najiuliza ni nani alikuwa akiuchuma, kwa sababu chai yake haikuwahi kurefuka.

Leo asubuhi niliubandua ule ubao. Cheti nilikitia kwenye moto wa vijinga, mbele ya wote. Mitungi yenye duara niliipanga karibu na kigoda chake, nikawaambia akina mama wakanywe chai getini. Kisha niliketi hapa mezani, mgongo kwa mlango wa kile chumba. Sikuwa na daftari. Nilisikia vicheko vya getini, na nikavihesabu kwa mazoea: wote sita wako huko.

Baada ya muda nikasikia maji yakisukwa ndani ya mtungi. Halafu kifuniko kikifungwa.

Shingo ilitaka kugeuka, Baba. Niliishika kwa mikono miwili.

Ukutani sijafuta kitu. Ripoti nimeimaliza sasa hivi, ni ukurasa mmoja. Pale panapouliza kuhusu nafasi ya saba nimeandika kwamba ina mtu na asisumbuliwe. Basi huenda wiki ijayo ukaniona hapo nyumbani na sanduku langu.

Nisalimie Mama, mwambie aifiche hiyo ngazi. Shangazi wa kinu cha posho mwambie kitenge chake nimekinunua. Kaka yangu mwalimu aache kunitumia nafasi za kazi, bado ninayo mpaka kesho.

Kuhusu ule mstari wa chai, usinijibu kwa simu. Niandikie.

Ni mimi binti yako,
Kemunto